Maisha ya Erinayo Wilson Oryema, Mkuu wa Polisi wa Uganda

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mara nyingi katika gazeti letu hili la shule husomwa maisha ya watu mashuhuri waliokufa zamani, kama vile machifu, waalimu, wasafiri na viongozi wa siasa. Mimi leo nimemchagua askari polisi. Huenda wasomaji wengine watashangaa, kwa sababu tumezoea kumwona askari polisi barabarani akisimamisha magari, au mlangoni pa benki ameshika bunduki, wala hatudhani kwamba maisha yake yaweza kuwa somo. Lakini mtu nitakayemweleza alianza kazi katika polisi ya wakoloni, akapanda mpaka akawa Inspekta Jenerali wa nchi nzima, Mwafrika wa kwanza wa Uganda kupata cheo hicho. Baadaye akawa waziri, na mwisho wake aliuawa bila hukumu. Jina lake ni Erinayo Wilson Oryema.

Katika vitabu vingi jina lake hutajwa kwa nusu ya sentensi tu, pale yanaposimuliwa mauaji ya Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977. Husemwa kwamba Askofu Mkuu aliuawa pamoja na mawaziri wawili, kisha hadithi huendelea. Mimi niliposoma hivyo nikataka kujua mmoja wa mawaziri hao alikuwa nani, na alifikaje kufa kifo cha namna hiyo. Tena iko sababu nyingine. Mwisho wa mwaka huu sisi wa kidato cha nne tutaondoka shuleni, na katika darasa letu wako watano wanaosema wazi kwamba wakipata nafasi wataomba kazi ya polisi. Mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo habari hizi si za watu wa mbali kwangu.

Yafaa kwanza nieleze kazi ya mkuu wa polisi ni kazi gani. Inspekta Jenerali ndiye msimamizi wa askari polisi wote wa nchi, tangu ofisa wa makao makuu mpaka askari wa kituo kidogo cha kijijini. Chini ya amri yake wako wapelelezi wanaochunguza makosa, askari wa usalama barabarani, na kikosi cha kutuliza ghasia. Jeshi huwekwa ili lipigane na adui atokaye nje, lakini polisi huishi katikati ya watu wao wenyewe, na wanaowakamata ni watu wa nchi yao. Basi kazi hiyo ina mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni sheria, ambayo askari huapa kuitumikia. Bwana wa pili ni serikali, ambayo humwajiri, humpa cheo, na huweza kumwondoa. Mabwana hao wakipatana, kazi ya mkuu wa polisi ni ngumu lakini yaendeka. Wakigombana, yeye ndiye aliyesimama katikati.

Nchini Uganda kazi hiyo ilianzishwa na Waingereza. Mwaka 1899 waliunda kikosi cha askari wenye silaha cha kulinda amani ya nchi, na mwaka 1906 kikosi hicho kikafanywa polisi kamili, mkuu wake wa kwanza akiwa Kapteni Edwards. Tangu siku hizo mpaka mwaka 1964, yaani miaka 58, kila mkuu wa polisi wa Uganda alikuwa Mzungu. Maofisa walikuwa Waingereza, na askari wa kawaida walikuwa Waafrika. Kwa kuwa askari hao walitoka katika makabila mengi yasiyosikilizana lugha, amri zilitolewa kwa Kiswahili, na ndiyo maana mpaka leo Kiswahili ni lugha ya kambini katika polisi na jeshi la Uganda. Mkuu wa polisi wa siku hizo alimjibu Gavana. Watu wa nchi hawakuwa na neno juu yake. Jambo hili yafaa tulikumbuke, kwa maana uhuru ulipokuja polisi hiyo haikubomolewa na kujengwa upya. Ilirithiwa kama ilivyokuwa, na kilichobadilika kwanza ni yule mtu wa kujibiwa.

Oryema alizaliwa tarehe 1 Januari, 1917, huko Anaka katika nchi ya Waacholi, upande wa magharibi wa mji wa Gulu, kaskazini ya Uganda. Katika siku za ukoloni upande wa kusini wa Uganda ulipewa mashamba ya pamba na kahawa, na upande wa kaskazini ukafanywa mahali pa kutafutia askari na vibarua. Kwa hiyo vijana wengi wa Kiacholi waliingia jeshini na katika polisi, kwa kuwa njia nyingine za kupata mshahara zilikuwa chache. Oryema naye alishika njia hiyo. Alipanda cheo kwa cheo katika kazi ambayo milango yake ya juu ilikuwa imefungwa kwa Waafrika kwa miaka mingi.

Nyumbani kwake hakuwa mtu wa amri na bunduki tu. Alijua kupiga nanga, chombo cha nyuzi cha kwao Acholi, na alimfundisha mwanawe Geoffrey, aliyezaliwa Soroti mwaka 1953. Mama yake Geoffrey alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma cha taifa kilichoitwa Heartbeat of Africa, ambacho kilipeleka ngoma za Uganda nchi za nje. Nyumba hiyo basi ilikuwa nyumba ya muziki. Nimelitaja jambo hili kwa sababu tutalirudia mbele.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba, 1962, na Waziri Mkuu akawa Milton Obote. Haikupita miaka miwili taifa jipya likapata mtihani wake wa kwanza. Mwezi wa Januari 1964 yalitokea mapinduzi ya Unguja, kisha wanajeshi wa Tanganyika wakaasi, na baada ya siku chache tu wanajeshi wa Uganda wakaasi huko Jinja wakidai mishahara mikubwa zaidi. Waziri Felix Onama alipokwenda kusema nao walimzuia asitoke. Serikali iliomba msaada wa askari wa Kiingereza ili kuyazima maasi hayo, lakini pia ilikubali madai makubwa ya wanajeshi. Tangu siku hiyo wanajeshi wa Uganda walijua kwamba wakinyanyua bunduki serikali husikiliza.

Mwaka huo huo wa 1964 Oryema akafanywa Inspekta Jenerali mahali pa Mwingereza Michael Macoun. Alikuwa na umri wa miaka 47. Katika miaka hiyo nchi zetu jirani nazo ziliwapata wakuu wa polisi wa Kiafrika, Tanganyika ikimpata Elangwa Shaidi na Kenya ikimpata Bernard Hinga. Nadhani watu walijisikia fahari kubwa siku hizo kumwona mtoto wa nchi amevaa mavazi ya cheo ambayo hapo kwanza yalikuwa ya Wazungu peke yao. Hata hivyo fahari haikuondoa taabu. Mwezi wa Novemba mwaka huo zilitokea ghasia Nakulabye, mtaa wa Kampala, na askari polisi wakapiga risasi wakaua raia kadhaa. Watu wa Buganda waliona uchungu sana. Ikaonekana wazi kwamba kubadilisha rangi ya mkuu ni jambo moja, na kubadilisha desturi ya kumtazama raia kama adui ni jambo jingine.

Sasa nafika mwaka 1966, ambao kwa maoni yangu ndio mwaka wa kuutazama kuliko yote kabla ya 1971. Tarehe 22 Februari, Baraza la Mawaziri lilikuwa limekutana Entebbe. Askari polisi wenye silaha waliingia mkutanoni wakawakamata mawaziri watano, nao ni Grace Ibingira, Balaki Kirya, Mathias Ngobi, George Magezi na Emmanuel Lumu. Aliyetaka wakamatwe ni Obote. Hawakushtakiwa mbele ya hakimu. Waliwekwa kizuizini. Wafungwa hao walipokwenda mahakamani, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliamua kwamba sheria iliyotumika kuwazuia haikupatana na katiba. Je, walikwenda nyumbani? La. Waliachiliwa kwa jina tu, wakakamatwa tena mara moja chini ya kanuni za hali ya hatari, wakakaa kizuizini karibu miaka mitano.

Hapo ndipo twaona wale mabwana wawili niliowataja mwanzoni wakigombana. Sheria ilisema neno lake na serikali ikasema neno jingine, na polisi walitii serikali. Sisemi kwamba Oryema peke yake angeweza kuyazuia yote. Angekataa, pengine angeondolewa siku ile ile na mwingine akawekwa. Lakini kila mara jambo la namna hii likipita bila kizuizi, huwa njia imekwisha kupasuliwa, na wanaokuja nyuma huipita kwa urahisi. Mwezi wa Mei mwaka huo jeshi, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia jumba la Kabaka Mutesa huko Mengo, naye Kabaka akakimbilia Uingereza, ambako alifia mwaka 1969. Katika mashambulio hayo watu wengi waliuawa. Siku zilivyozidi kwenda, bunduki za jeshi zilizidi kuwa neno la mwisho katika nchi. Obote pia alikuwa na idara ya upelelezi wa siri iliyoongozwa na Akena Adoko, iliyofanya kazi nje ya polisi. Kwa hiyo mkuu wa polisi alikuwa na ofisi kubwa, lakini nguvu zilikuwa zikihamia kwingine.

Jioni ya tarehe 19 Desemba, 1969, Obote alipigwa risasi Lugogo mjini Kampala akitoka katika mkutano wa chama chake. Risasi ilimjeruhi mdomoni, asife. Mwezi uliofuata, Januari 1970, Brigedia Pierino Okoya, aliyekuwa msaidizi wa Amin katika uongozi wa jeshi, aliuawa pamoja na mkewe nyumbani kwao karibu na Gulu. Uchunguzi wa mauaji hayo uliwaangukia polisi. Wapelelezi walifuata nyayo kama kazi yao inavyowapasa, na shaka ikazidi kuelekea kwa Amin mwenyewe. Fikirini, wasomaji, hali ya wapelelezi hao. Mtu wanayemfuata hakuwa mwizi wa mifugo. Alikuwa mkuu wa jeshi, mwenye vifaru na maelfu ya askari. Hata hivyo uchunguzi haukuachwa. Mimi katika habari zote za polisi hiyo nimelipenda jambo hili kuliko mengine, kwa sababu linaonyesha kwamba wako waliokuwa bado wakiikumbuka ile kazi waliyoiapia.

Kesi hiyo haikupata kumfikia Amin mahakamani. Mwezi wa Januari 1971 Obote alikwenda Singapore kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, na tarehe 25 ya mwezi huo Amin akaipindua serikali. Vifaru vilikuwa katika barabara za Kampala. Polisi, ambao Oryema alikuwa bado mkuu wao, hawakupigana, wakaukubali utawala mpya. Basil Bataringaya, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Obote, alikamatwa, akaachiliwa, kisha mwaka 1972 akauawa kikatili. Oryema hakukamatwa. Mwezi wa Februari 1971 Amin alitangaza Baraza lake la Mawaziri, na Oryema akawa Waziri wa Madini na Maji. Hivyo ndivyo ulivyokwisha utumishi wake wa miaka saba akiwa Inspekta Jenerali.

Jambo hili lilituletea ubishi mkubwa bwenini nilipowasimulia wenzangu, hata kengele ya kulala ikalia tukiwa hatujamaliza. Mwenzangu mmoja alimtetea kwa nguvu. Alisema polisi hawana silaha za kupigana na vifaru, na mkuu ambaye angewaamuru wapigane angewapeleka askari wake machinjoni bure. Akaongeza kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Mwingine alimpinga. Alisema kukubali kushindwa ni jambo moja na kukaa meza moja na aliyekushinda ni jambo jingine. Oryema aliujua vizuri kuliko watu wengi uchunguzi ule wa mauaji ya Okoya, basi alijua anakwenda kumtumikia nani, na lila na fila havitangamani. Wa tatu alikumbusha kwamba siku za kwanza watu wengi wa Kampala walimshangilia Amin barabarani, na kwamba aliwafungua wafungwa wa kisiasa, wakiwamo wale mawaziri watano. Mwezi ule wa kwanza haikuwa rahisi kwa kila mtu kujua mambo yatakavyokuwa.

Mimi nimefikiri sana juu ya maneno hayo yote. Naona yule wa tatu ana haki kwa mwezi wa kwanza, lakini si kwa miaka iliyofuata. Haukupita muda mrefu kabla askari wa Kiacholi na wa Kilango hawajaanza kuuawa kambini kwa sababu ya kabila lao, na Oryema alikuwa Mwacholi. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia. Tarehe 21 Septemba mwaka huo Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda, alikamatwa ofisini kwake katika jengo la Mahakama Kuu, mchana kweupe, asionekane tena. Nchi ambayo Jaji Mkuu huchukuliwa hivyo hakuna mtu ndani yake aliye salama, wala mkulima wala waziri.

Polisi yenyewe, ile aliyoiongoza Oryema, ilivunjwa nguvu. Huko Naguru katika kambi ya polisi palikuwa na kikosi kilichoitwa cha usalama wa umma, na Nakasero palikuwa na ofisi ya utafiti wa serikali. Majina hayo ukiyasikia ni mazuri, lakini vyote viwili vilikuwa mahali pa mateso na mauaji. Watu walitiwa katika buti za magari mbele ya jamaa zao, na hapakuwa na kituo cha polisi kilichothubutu kuandika mashtaka yao. Askari wema waliokuwa wakijua kuchunguza makosa wengine waliuawa, wengine wakakimbia, na wengine wakakaa kimya. Katika miaka hiyo Oryema aliendelea kuwa waziri, na mwaka 1974 akapewa wizara ya Ardhi na Nyumba. Ilikuwa kazi ya ramani na hati za viwanja, naye labda alidhani kwamba mtu akishika ramani zake kimya, tufani itapita juu yake.

Haikupita. Usiku wa tarehe 5 Februari, 1977, wanajeshi walivamia nyumba ya Askofu Mkuu Luwum huko Namirembe, wakisema wanatafuta silaha. Hawakuziona. Maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua ya kulalamika, si kwa sababu ya jambo hilo peke yake, bali kwa sababu ya mauaji na dhuluma zilizojaa nchini. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini, mawaziri, mabalozi na askari wengi waliitwa Kampala mahali pa Nile Hotel. Bunduki zilipangwa zionekane, na ikasomwa karatasi iliyodai kwamba palikuwa na njama ya kumrudisha Obote. Askari waliokusanyika walipiga kelele wakitaka watuhumiwa wauawe. Askofu Mkuu Luwum alikuwa Mwacholi, na Oryema pia. Wa tatu, Charles Oboth-Ofumbi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alitoka mashariki ya nchi. Wote watatu walikamatwa siku hiyo.

Kesho yake redio ya Uganda ilitangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Habari hiyo ilidai kwamba walikuwa wakichukuliwa kwenda kuhojiwa, wakajaribu kumpokonya dereva gari, nalo likagongana na gari jingine. Watu hawakusadiki. Mwili wa Askofu Mkuu ulipofikishwa kwao Mucwini, waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi. Oryema alikuwa na umri wa miaka 60.

Hapa nataka tusimame kidogo. Mtu akifa ghafula, desturi ya polisi yajulikana. Askari hufika mahali pa ajali, hupima barabara, huandika majina ya mashahidi, daktari hutazama maiti, na jalada hufunguliwa. Mtu huyu alikuwa ameisimamia kazi hiyo katika nchi nzima kwa miaka saba. Ajuaye kupima alama za magurudumu, ajuaye kuuliza maswali, wote hao hapo zamani walikuwa chini yake. Lakini alipokufa yeye, wakati wote wa utawala wa Amin hakuna mtu hata mmoja aliyepelekwa mahakamani kwa vifo vile vitatu. Mkewe na watoto wake hawakuwa na kituo cha kwenda kushtaki. Wala si wao tu. Maelfu ya akina mama wa Uganda walikuwa katika hali hiyo hiyo miaka mingi kabla yao, na jina la waume zao halikutangazwa hata kwa uongo redioni.

Geoffrey, yule mtoto aliyefundishwa nanga, alikuwa kijana wa miaka 23 baba yake alipouawa. Alitoroka Uganda mwaka huo akiwa amefichwa katika buti ya gari, akavuka mpaka akaingia Kenya, kisha akaenda kuishi Ufaransa. Buti za magari zilikuwa zimewachukua watu wengi kwenda kufa, na yeye ilimchukua kwenda kupona. Huko Ufaransa akawa mwimbaji mashuhuri. Sahani yake ya mwaka 1990 iliitwa Exile, maana yake uhamishoni, na ndani yake aliimba kwa Kiacholi, lugha ya baba yake. Hakuimba tena nchini kwake mpaka Desemba 2016, karibu miaka 40 baada ya kutoroka. Alifariki Ufaransa mwezi wa Juni 2018.

Amin naye aliondolewa mwezi wa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, akakimbia nchi. Alifia Jeddah, Saudia, mwaka 2003, bila kusimama mbele ya hakimu. Mwaka 1986 serikali ya Uganda iliunda tume chini ya Jaji Arthur Oder kuchunguza uvunjaji wa haki za watu tangu uhuru, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1994. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko nchini Uganda kwa kumkumbuka Luwum, na siku hiyo majina ya Oryema na Oboth-Ofumbi nayo hukumbukwa.

Basi tujifunze nini? Nchi zetu zimejifunza jambo fulani, na limeandikwa katika katiba. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema Inspekta Jenerali ateuliwe na Rais kwa idhini ya Bunge, ili uteuzi usiwe wa mtu mmoja peke yake. Kenya ilikwenda mbele zaidi katika katiba yake ya mwaka 2010. Huko Inspekta Jenerali hupewa miaka minne tu, hawezi kupewa tena, na waziri haruhusiwi kumwamuru amchunguze fulani au amwache fulani. Kwetu Tanzania huteuliwa na Rais. Maandishi ya namna ya Kenya yanajaribu kumpa mkuu wa polisi mahali pa kusimama wakati wale mabwana wawili wanapogombana. Oryema hakuwa na mahali pa namna hiyo mwaka 1966, wala mwaka 1971.

Lakini maandishi peke yake hayatoshi. Hata katiba ya Uganda ya mwaka 1962 ilikuwa na maandishi mazuri, na majaji wa Mahakama ya Rufani waliyasoma wakaona haki ya wafungwa. Kilichokosekana ni watu wa kuyatii siku ile. Nimemsikia mzazi mmoja akisema kwamba kijana akiingia polisi ajifunze kutii tu, mengine si yake. Kwa heshima zote naona maisha ya Oryema yanatuonyesha vingine. Askari polisi hana budi kujifunza kutii, na tena kujua anatii nini. Siku sheria inapovunjwa juu ya mtu mwingine, aliyevaa mavazi ya polisi huweza kudhani kwamba mavazi yale yatamkinga yeye. Luteni Kanali Oryema alikuwa amevaa mavazi makubwa kuliko yote.

Sikumwandika ili asifiwe bila kasoro, wala ili ahukumiwe na sisi tuliozaliwa baada yake na tusiopata kuona vifaru barabarani. Nimemwandika kwa sababu wako wenzangu watano, nami nikiwamo, ambao labda mwakani watasimama kwenye uwanja wa chuo cha polisi, wameinua mkono, wakiapa. Nawaomba wenzangu hao, kabla ya siku hiyo, wayasome maneno ya kiapo chenyewe polepole, na waone kama humo wanaapa kumtumikia mtu au sheria.